Deodandi: siku jopo la kijijini lilipoitoza treni pauni 1,000 kwa kuua watu

Tarehe 24 Desemba 1841, alfajiri na giza bado, treni ya kampuni ya Great Western Railway ilikuwa inatoka Paddington, London kwenda Bristol. Kimsingi ilikuwa treni ya mizigo ila ilikuwa inabeba na abiria wa daraja la tatu, yaani wale wa nauli ya chini kabisa, na siku hiyo wengi wao walikuwa mafundi mawe waliokuwa wanajenga Bunge jipya la Uingereza (la zamani liliungua mwaka 1834) wanarudi makwao kula Krismasi. Mabehewa yao ukiyaita mabehewa ni heshima tu, maana yalikuwa matoroli ya wazi, hayana paa, kuta zake fupi kiasi kwamba mtu akisimama treni ikacheza kidogo anaweza kuchomoka, na mvua ikinyesha inakunyeshea wewe na kikapu chako.

Sasa angalia yalivyopangwa, maana kesi yote iko hapo. Mbele injini, jina lake Hecla. Nyuma ya injini behewa la makaa na maji. Halafu abiria. Halafu ndo mabehewa ya mizigo, yamejazwa, mazito. Yaani binadamu wamewekwa katikati ya chuma na mzigo.

Karibu na mji wa Reading kuna sehemu inaitwa Sonning ambapo kilima kimechimbwa reli ipite katikati, kushoto ukuta wa udongo, kulia ukuta wa udongo, na siku zile mvua ilikuwa imenyesha sana, udongo ukalegea, ukashuka mpaka relini. Dereva hakuona kitu, angeonaje na giza lile. Hecla ikaingia kwenye udongo ikanasa. Mabehewa ya mizigo hayakuwa na habari kwamba mbele kumesimama, yakaja na mwendo wao wote yakawabana wale watu kwenye behewa la mbele yao. Wanane walikufa palepale, wa tisa akafia hospitali, wengine zaidi ya kumi wakaumia vibaya.

Kisheria, kifo cha ghafla Uingereza ya wakati ule kilikuwa kinachunguzwa na ofisa wa uchunguzi wa vifo akiwa na jopo la raia wa hapohapo, watu wa kawaida tu, wakulima, wenye maduka, wanakaa wanaangalia maiti, wanasikiliza mashahidi, wanasema huyu kafa kwa nini. Jopo la Sonning likasikiliza likasema ni vifo vya ajali. Hakuna aliyeua, hakuna wa kunyongwa, hakuna wa kufungwa. Mpaka hapo ungedhani wameshamaliza, watu wazike. Lakini wakaongeza sentensi moja ndo iliyofanya kesi hii ikumbukwe: deodandi, pauni 1,000, juu ya injini na mabehewa yake.

Deodandi ni neno la sheria ya zamani kabisa ya Kiingereza, asili yake Kilatini, maana yake kitu cha kutolewa kwa Mungu. Kanuni ilikuwa hivi: kitu chochote kilichosababisha kifo cha mtu kwa bahati mbaya, kitu hicho kinataifishwa. Farasi amempiga mtu teke akafa, farasi anaenda. Mkokoteni umemkanyaga mtoto, mkokoteni unaenda. Sufuria la maji ya moto, gurudumu la kinu, mtumbwi mtoni, vyote vimo kwenye kumbukumbu za karne za kati. Kwa nadharia mfalme anakichukua, anakiuza, hela inaenda kwenye mambo ya dini, sadaka kwa maskini, kumuombea marehemu aliyeondoka bila kuungama. Baadaye ile habari ya sadaka ikayeyuka kimyakimya, hela ikawa ya mfalme tu, au ya kabaila mwenye eneo ambaye mfalme alishampa au kumuuzia haki hiyo. Na kwa vitendo hata kitu chenyewe hakikuchukuliwa, jopo lilikuwa linakipigia bei, mwenye mali analipa hiyo bei, anabaki na farasi wake.

Kinachonifurahisha mimi ni jinsi wanasheria walivyokaa chini na akili zao timamu wakatengeneza hesabu za hiki kitu. William Blackstone, yule mwandishi mkubwa wa sheria wa karne ya 18, anaeleza: mtu akipanda gurudumu la gari lililosimama akaanguka akafa, deodandi ni lile gurudumu peke yake. Ila gari likiwa linatembea likamkanyaga, unataifisha gari lote na mzigo wake, maana vyote vilisogea pamoja kuleta kifo. Chombo kikimzamisha mtu kwenye maji yasiyo ya chumvi, ni deodandi. Baharini, hapana. Na kwenye hati za mashtaka ya mauaji ilikuwa lazima uandike silaha na bei yake, kwamba marehemu alichomwa na kisu kidogo chenye thamani ya peni sita, ili mfalme ajue anadai sh'ngapi. Mtu kafa halafu karani anakadiria bei ya kisu.

Ukiichukua hesabu ya Blackstone ukaipeleka Sonning, inakaa vizuri kuliko unavyodhani. Udongo ndo uliosababisha ajali, lakini udongo ulikuwa umeshaanguka, umetulia, haujamsogelea mtu. Kilichosogea ni treni. Injini ilisogea, mizigo ilisogea, na kilichowaponda wale mafundi ni mwendo wa kitu kizima. Kwa hiyo jopo halikuota tu, lilitumia kanuni ya miaka mia kadhaa kama ilivyo, kasoro bei.

Bei ndo ishu. Kwa karne nyingi majopo yalikuwa yanaweka bei ndogo makusudi, shilingi kadhaa, wakati mwingine shilingi moja, maana mwenye mkokoteni ni jirani yao, kaua bila kutaka, na mfalme hana njaa. Deodandi ikawa kama desturi tu, inatajwa ili ionekane imetajwa. Halafu zikaja injini za mvuke. Boti za mvuke zinapasuka boila, treni zinagongana, na ghafla mwenye mali si jirani tena ni kampuni yenye wanahisa London, na aliyekufa ndo jirani. Majopo yakabadilika. Miaka ya mwisho wa 1830 na mwanzo wa 1840 deodandi zikaanza kuandikwa kwa mamia ya pauni, mpaka zikafika elfu na zaidi. Sonning ndo inatajwa sana.

Kwanini waende kuchimbua sheria ya zama za giza? Hapa lazima turudi nyuma kidogo mwaka 1808, kesi ya Baker dhidi ya Bolton. Baker alikuwa na biashara ya baa, yeye na mkewe walipanda juu ya gari la abiria la farasi, gari likapinduka. Yeye akapata michubuko, mke akaumia vibaya, akafariki hospitali kama mwezi mmoja baadaye. Baker akashtaki wenye gari. Alikuwa anampenda mkewe na mke ndo alikuwa mkono wake kwenye biashara, hilo mahakama ililisikia. Jaji Ellenborough akatoa msimamo kwamba kwenye mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kama madhara. Yaani Baker anaweza kulipwa michubuko yake, na anaweza kulipwa kwa kukosa msaada wa mkewe kuanzia ajali mpaka siku aliyokufa. Kuanzia siku aliyokufa na kuendelea, sifuri. Alipata pauni 100.

Soma hiyo tena taratibu. Ukimvunja mtu mguu unamlipa. Ukimuua kabisa hulipi mtu, maana aliyekuwa na haki ya kudai amekufa nayo, na mjane hana kesi ya kwake. Kwa mwenye kampuni, abiria aliyekufa alikuwa nafuu kuliko abiria aliyejeruhiwa. Sizidishi chumvi, hiyo ndo ilikuwa sheria.

Kwa hiyo lile jopo la Sonning limekaa na maiti za mafundi mawe, wanajua wajane hawatapata kitu mahakamani, wanaona abiria walipangwa vibaya kwenye matoroli ya wazi mbele ya mizigo, na hawana uwezo wa kuishtaki kampuni. Mkononi wana fimbo moja tu, imeota kutu, inaitwa deodandi. Wakaichukua wakaipiga nayo. Wengi wanaoisimulia stori hii wanacheka, eti Waingereza waliihukumu treni kama mtu, washirikina hawa. Mimi sioni ushirikina wowote 1841. Naona watu waliotaka kusema kampuni ina makosa wakakuta mlango umefungwa, wakaingilia dirishani.

Shida ya dirisha ni kwamba wafiwa hawakupita nalo. Deodandi haikuwa fidia. Hata ikilipwa yote mpaka senti ya mwisho, inaenda kwa mfalme au kwa kabaila, mjane wa fundi mawe hapati hata ya jeneza. Na mara nyingi haikulipwa. Mkaguzi wa reli wa serikali, Sir Frederic Smith, alichunguza Sonning na kwa upande wa lawama ya ajali yenyewe kampuni ikatoka salama, ila ripoti yake ikawafungua watu macho kuhusu yale matoroli. Na majaji wa London nao kwa deodandi kubwakubwa za miaka ile waligeuka wakali wa fomu, hati ya jopo imekosa maneno fulani, haijaeleza vizuri kifo kilitokeaje, inafutwa. Jopo la wakulima linaandika, wakili wa kampuni anakuja na miwani yake anatafuta kasoro. Anaipata.

Bunge likashtuka kwa njia mbili. Ya kwanza mwaka 1844, sheria ya reli iliyosukumwa na Gladstone, waziri wa biashara wa wakati ule: kila kampuni ya reli ya abiria iwe na angalau treni moja kwa siku kila upande yenye daraja la tatu, isimame kila stesheni, nauli isizidi peni moja kwa maili, mwendo usipungue maili 12 kwa saa, na abiria wapate viti na wakingwe na mvua. Wale mafundi wa Bunge waliokufa Sonning hawakuiona hiyo sheria.

Ya pili ni 1846, na hapa ndo kuna dili. Lord Campbell, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu halafu Lord Chancellor (cheo cha juu kabisa cha sheria Uingereza), alipeleka miswada miwili ikitembea pamoja. Mmoja unaiua deodandi. Mwingine unaifuta ile hukumu ya Baker dhidi ya Bolton kwa upande wa wafiwa, kwamba mtu akiuawa na kosa au uzembe wa mwingine, familia yake inaweza kudai. Yote ikapita Agosti 1846, na deodandi ikafa rasmi tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Utangulizi wa ile sheria unasema kanuni hii ya kutaifisha vitu haina mantiki na inasumbua. Haina mantiki tangu lini? Ilikaa mamia ya miaka ikila farasi na mikokoteni ya wanyonge, hakuna aliyeona haina mantiki kiasi cha kuifuta. Iliposumbua reli ndo ikafutwa. Nakubali kabisa kwamba kilichokuja badala yake ni bora mara mia, na Campbell anastahili sifa maana alihakikisha kampuni hazipewi kufutiwa deodandi bure. Lakini tusijifanye mantiki ndo ilishinda. Kilichoshinda ni bili.

Na hata hiyo sheria ya fidia ilikuja na mipaka yake. Inayolipwa ni hasara ya kipesa, yaani marehemu alikuwa anawaletea nini nyumbani. Mwaka 1852 kwenye kesi ya Blake dhidi ya Midland Railway mahakama ikaulizwa je, mjane alipwe pia kwa uchungu wa kufiwa? Ikasema hapana, sheria inahesabu mfuko, machozi hayamo.

Kabla sijafika kwetu niguse Marekani haraka, maana watu wakitaja deodandi siku hizi mara nyingi ni kwa sababu ya huko. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni iliyokodisha boti ya starehe kwa wakazi wawili wa Puerto Rico, boti ikakutwa na bangi, serikali ikaitaifisha, kampuni ikalalamika kwamba yenyewe haijui chochote. Ikashindwa. Jaji Brennan katika kuandika hukumu akairudia historia ya deodandi, akasema wazi kwamba yenyewe kama ilivyo haikupokelewa Marekani, ila wazo la kwamba kitu chenyewe kinabeba kosa lina ukoo mrefu. Ukisikia kesi ya serikali dhidi ya gari fulani, au dhidi ya fungu la hela, ndo ukoo huo.

Kwetu deodandi haikufika, na sababu ni kalenda tu. Sheria za Kiingereza ziliingizwa hapa kwa tarehe: Kenya zile zilizokuwa zinatumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Tarehe zote hizo deodandi imeshazikwa muda mrefu. Ingeingia, fikiria bodaboda imemgonga mtu pale Buguruni akafa, kikao cha uchunguzi kinauliza pikipiki hii kwa soko la leo ni shilingi ngapi, na mwenye pikipiki, ambaye kaikodisha kwa dereva kwa hesabu ya siku na wala hakuwepo, analipa hiyo bei kwa serikali.

Kilichofika ni mwenzake, ule mswada wa pili. Kenya upo kwenye Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Tanzania upo kwenye Sura ya 310. Ukisoma kesi za ajali za matatu kwenye mahakama za Kenya utaona mfumo uleule: marehemu alikuwa anaingiza kiasi gani kwa mwezi, angefanya kazi miaka mingapi zaidi, na sehemu gani ya kipato ilikuwa inaenda kwa wanaomtegemea, mara nyingi theluthi mbili kama alikuwa na mke na watoto. Unazidisha, unapata. Akiwa hana hati ya mshahara, mahakama inaweza kuangukia kima cha chini cha mshahara wa serikali kwa kazi ya aina yake. Ni hesabu kavu, ila mlipwaji ni mjane, na hilo ndo jopo la Sonning lilishindwa kulifanya na pauni 1,000 yao.

Lakini kuna kitu kimoja cha 1846 ambacho Kenya bado wamekishikilia na mimi hakiniingii akilini. Campbell aliandika orodha ya wanaofaidika: mke, mume, mzazi na mtoto, na kwa mzazi akaongeza babu na bibi na wazazi wa kambo, kwa mtoto akaongeza wajukuu na watoto wa kambo. Basi. Ndugu wa tumbo moja hawamo. Uingereza wenyewe walishaipanua orodha mwaka 1959 wakawaingiza kaka na dada. Kifungu cha 4 cha Kenya bado kinasema mke, mume, mzazi na mtoto. Sasa chukua kaka mkubwa, hajaoa, wazazi walishafariki, anafanya kazi Mombasa, analipa ada za wadogo zake wanne na kodi ya chumba wanachokaa. Basi linamuua. Wadogo zake wanakwenda mahakamani na risiti za shule mkononi, wakili wa bima anasimama anasoma kifungu, na jaji hata kama anawaonea huruma anaandika kwamba kaka na dada si wategemezi kwa mujibu wa sheria hii. Wanachoweza kupata ni kupitia mirathi, chini ya sheria nyingine, Sura ya 26, kwa maumivu aliyoyapata marehemu kabla ya kufa na kwa umri aliopunguziwa, ambayo kwa kawaida ni hela ndogo sana ukilinganisha. Ada za miaka iliyobaki hazimo.